Sura ya Ben gizani

Mjomba wangu alikuwa na banda la video Ngamiani, Tanga, katikati ya miaka ya 1990. Lilikuwa la mabati, lenye mabenchi sita, televisheni ya inchi 21 juu ya meza, na deki moja ambayo ikimaliza kazi ilifunikwa kwa khanga ya mkaza mjomba. Mchana zilikwenda muvi za ngumi, jioni za Kihindi, na baada ya isha, watoto wakishafukuzwa, zikawekwa za kutisha. Mimi sikufukuzwa kwa kuwa ni mtoto wa dada yake. Nilikaa sakafuni, mbele kabisa, shingo nimeiinua kama ninayetafuta mwezi.

Usiku mmoja aliweka kanda isiyo na kava, imeandikwa MAITI kwa kalamu ya wino. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, na pale bandani hilo peke yake lilitosha kuleta manung'uniko. Mjomba alikuwa karani bandarini na Kiingereza chake kilikuwa cha mabohari na makaratasi ya mizigo, lakini alisimama kando ya televisheni na fimbo yake akatafsiri kila kilichosemwa. Wale wafu wanaotembea aliwaita misukule. Mzee mmoja akauliza kutoka nyuma, "Mwenyewe nani?" Kwetu msukule ana mwenyewe. Yupo mtu aliyemchukua, anamlimisha usiku, anamlisha pumba. Mjomba akatazama skrini, akasubiri, akatazama tena, mwisho akasema, "Hawana mwenyewe." Banda likanyamaza. Naamini hapo ndipo watu walipoogopa, kabla hata ya damu.

Kisha yakazuka mabishano mawili. La kwanza lilimhusu stelingi. Kanda ile ilirekodiwa kutoka kanda nyingine, nayo kutoka nyingine, Mungu ndiye ajuaye ngapi nyuma yake. Weupe ulikuwa unawaka, weusi umeganda kama lami. Stelingi alipoingia ndani ya ile nyumba ya shamba, sura yake ikapotea. Tuliona shati, tukaona mikono ikipigilia mbao madirishani, tukaona meno akisema. Nusu ya banda ikasema jamaa ni mweusi. Nusu nyingine ikasema ni kanda hiyo, tangu lini muvi ya zamani ya Kizungu ikawa na stelingi mweusi? Mjomba mwenyewe hakuwa na hakika.

La pili lilikuja mwishoni, kwa sababu stelingi alikufa. Kila aliyewahi kukaa bandani anaijua kanuni: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini hafi. Huyu alipambana usiku kucha, kukapambazuka, watu wenye bunduki wakafika wakisafisha vijiji, wakamwona dirishani, wakampiga risasi ya kichwa wakidhani naye ni msukule. Ikaisha. Watu walipanda juu ya mabenchi. Wengine walidai kiingilio chao, wengine wakasema hii ni sehemu ya kwanza na mjomba ameificha ya pili. Fundi baiskeli mmoja, kijana mpole, akasema ndiyo muvi pekee ya kweli aliyowahi kuiona mle ndani, na kwa neno hilo nusura apigwe.

Filamu ile ni Night of the Living Dead ya mwongozaji George Romero. Ilitengenezwa na kikundi cha watu wa Pittsburgh, Marekani, kwa dola zisizozidi 125,000, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza huko huko Oktoba 1, 1968. Stelingi anaitwa Ben, na aliyemwigiza ni Duane Jones, mtu mweusi. Banda letu halikuwa la kwanza kugombana. Gazeti la Variety liliilaani kama karamu ya ukatili. Mhakiki wa filamu Roger Ebert aliandika mwanzoni mwa 1969 kuhusu maonyesho ya mchana Chicago yaliyojaa watoto, na jinsi walivyonyamaza kabisa, mtoto mmoja wa kike akikaa kitini bila kusogea, analia. Na wengine, tangu siku za mwanzo, waliona katika mwisho ule picha ya Marekani ya mwaka uleule. Romero alisimulia mara nyingi kwamba yeye na wenzake walikuwa barabarani wakiipeleka filamu iliyokamilika New York waliposikia redioni kwamba Martin Luther King ameuawa.

Ubovu wa kanda ya mjomba nao una chanzo kinachojulikana. Filamu ilikuwa na jina jingine, Night of the Flesh Eaters. Msambazaji alipobadilisha jina, tangazo la hakimiliki lililokuwa kwenye kibao cha jina la zamani halikurudishwa kwenye kipya. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kusambaza kazi bila tangazo hilo kulitosha kuipoteza haki. Filamu ikawa mali ya kila mtu. Kila mwenye mashine alinakili, akauza, na aliyenunua naye akanakili. Ndivyo ilivyofika hadi Ngamiani ikiwa imebaki weusi na weupe tu, bila cha katikati.

Mwaka 2018 nilikuwa Toronto kwa dada yangu. Maktaba ya umma ya mtaani kwake inaazimisha filamu kama vitabu, na nikiwa napita kwenye rafu nikaiona, imetolewa mwaka huohuo na Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu teule kwenye diski. Ndani yake kulikuwa na ukarabati uliofanywa na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York pamoja na shirika la Film Foundation, kutoka kwenye negativi yenyewe, na Romero mwenyewe aliusimamia kabla hajafariki Julai 2017. Niliirudisha nyumbani nikijua ninachokwenda kutafuta. Ben akashuka kwenye gari, akaingia ndani, akageukia taa.

Nilisimamisha picha. Alikuwa na paji la uso pana, jasho pembeni mwa pua, macho ya mtu anayehesabu milango. Ana kovu la uchovu chini ya macho ambalo mapambo ya sinema hayalitengenezi. Nilikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 30, nimekaa kwenye kochi la dada yangu, na nililia, kwa sababu nilimfahamu mtu huyu tangu utotoni na nilikuwa sijawahi kumwona.

Watu wanaokusanya filamu hubishana sana kama filamu za aina hii zinastahili heshima hiyo. Wanamaanisha lile boksi gumu, picha iliyosafishwa fremu kwa fremu, kijitabu cha makala, sauti ya mwongozaji au msomi akieleza juu ya picha. Hoja ya wanaopinga naielewa: heshima ni haba, fedha za ukarabati ni haba, kwa nini zitumike kwa filamu ya damu ambayo nusu ya waliolipa tiketi walitoka wakitukana? Ziende kwa kazi zilizokubalika. Mimi nasema kazi zilizokubalika zina watu wengi wa kuzitunza. Filamu inayopendwa na wote huhifadhiwa na wengi, kila mmoja na nakala yake nzuri. Filamu iliyogombaniwa ndiyo inayokatwakatwa, inayobadilishwa jina, inayouzwa kwa bei ya karanga. Na kwenye nakala mbovu kinachotangulia kupotea ni kilichoko kwenye kivuli. Katika filamu za kutisha, kivulini ndiko filamu yenyewe iliko. Na kama mwigizaji ni mweusi, anapotea pamoja nacho.

Duane Jones ana filamu nyingine, na kisa chake ndicho kinachonifanya nisikubali kunyamaza katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya filamu ya mnyonya damu mweusi iliyoitwa Blacula kupata fedha, kampuni moja ya watayarishaji ilitaka na yenyewe kupata ya kwake. Wakampa kazi Bill Gunn, mwandishi wa tamthilia na mwigizaji, na dola kama 350,000. Gunn alichukua fedha zao akatengeneza kitu kingine kabisa. Ganja & Hess ya mwaka 1973 inamhusu Dakta Hess Green, msomi tajiri wa mambo ya kale, anayechomwa kisu cha ibada cha taifa la kale la Afrika na msaidizi wake, na kuanzia hapo hafi na hana namna ila kunywa damu. Hess ni Duane Jones. Marlene Clark ni Ganja, mke wa msaidizi huyo, anayekuja kumtafuta mumewe na kumkuta kwenye friza. Mhubiri ni Sam Waymon, ndugu yake Nina Simone, ambaye pia alitunga muziki. Neno la Kiingereza la mnyonya damu halitamkwi humo. Kinachosemwa ni uraibu, kanisa, tajiri mweusi kwenye jumba kubwa, na kile anachodaiwa na damu ya waliomtangulia.

Ilichaguliwa kwenye Wiki ya Wahakiki ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, filamu pekee ya Marekani humo mwaka ule. Nyumbani, wahakiki wa New York waliikanyaga. Gunn aliandika barua iliyochapishwa kwenye New York Times Mei 1973, na kila nikiisoma ninasikia mtu anayeandika ameuma meno. Alisema kama angekuwa mweupe, kazi yake ingeitwa mpya na tofauti. Haikusaidia. Watayarishaji waliiondoa ukumbini baada ya siku chache, wakaiuza kwa kampuni nyingine, nayo ikampa mhariri aikate. Kutoka dakika zaidi ya 110 ikabaki 78. Ikapewa jina Blood Couple, baadaye Double Possession na mengine, na hayo ndiyo yaliyokwenda kwenye kanda za video. Gunn aliondoa jina lake.

Iliokolewa kwa nakala nzima iliyokuwa imehifadhiwa kwenye Makumbusho yaleyale ya Sanaa za Kisasa. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kuiona filamu ya Gunn alipaswa kuwa New York siku wanayoionyesha. Duane Jones alifariki 1988. Gunn alifariki Aprili 1989, siku moja kabla tamthilia yake mpya haijafunguliwa. Filamu nzima ilitoka kwenye DVD mwaka 1998, na Blu-ray iliyokarabatiwa ilitolewa na kampuni ya Kino mwaka 2012. Mkiniuliza boksi la heshima lina faida gani, nitawaonyesha hiyo miaka 39 kati ya 1973 na 2012 ambayo filamu ilisubiri ukarabati.

Siwasafishi wenye maboksi. Mwaka 2020 New York Times ilihesabu orodha ya Criterion, filamu zaidi ya 1,000, ikakuta waongozaji Wamarekani weusi wanne tu. Wanne! Na kampuni hiyo haina kisingizio cha kuona filamu za majitu na mizimu kuwa chini ya hadhi yake, maana ilipoanza mwaka 1984 na diski za leza, moja kati ya mbili za kwanza ilikuwa King Kong ya 1933, na ni kwenye diski hiyo ndipo ulipoanza mtindo wa sauti ya mtaalamu inayozungumza juu ya picha. Mlango ulikuwa wazi kwa dubwana tangu siku ya kwanza. Gunn alibaki nje.

Ni rahisi kutetea filamu ninazozipenda. Nina nyingine ninayojipimia. Antichrist ya Lars von Trier, mwongozaji wa Denmark, ilizomewa Cannes mwaka 2009. Charlotte Gainsbourg alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na jopo la madhehebu ya Kikristo la palepale Cannes, ambalo kazi yake ni kutoa tuzo, likaipa filamu hiyohiyo tuzo ya aibu. Mwaka uliofuata Criterion waliitoa. Ndani yake mwanamke anajikeketa kwa mkasi, na kamera haigeuki.

Wenzangu wa Toronto walizungumza juu ya tukio hilo kama fumbo: hatia, maumbile, huzuni ya mama aliyefiwa. Mimi nilisoma bweni Dodoma. Nililala chumba kimoja na wasichana waliokeketwa, nawajua kwa majina, najua mmoja aliyekuwa akienda chooni usiku tu ili asisikike. Sheria ya Tanzania imekataza kuwafanyia hivyo wasichana tangu 1998 na bado inafanyika. Kwa hiyo niliizima. Nilikasirika kwa siku kadhaa, na hasira hiyo haijaisha hadi leo ninapoandika.

Hata hivyo nikarudi, kwa sababu kwenye diski ileile von Trier anazungumza mwanzo hadi mwisho pamoja na profesa aitwaye Murray Smith anayemuuliza maswali. Nilitaka kumsikia akilifikia tukio lile. Na hapo nikaelewa jambo ambalo sikulitegemea. Kulikuwa na toleo lililopunguzwa makali kwa baadhi ya masoko. Kama ningeletewa hilo, mkasi usingekuwepo, na von Trier angepita mbele yangu bila deni. Mkata filamu anamwokoa mtengenezaji asijibu. Nataka filamu hii itunzwe nzima, ikiwa na jina lake, mwaka wake na sauti yake, ili mwanamke mwingine wa kwetu atakayeikuta baada ya miaka 50 awe na kitu cha kukishika anapomdai majibu.

Mpaka wangu uko mahali pengine. Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato, ya mwaka 1980, iliua wanyama kwelikweli mbele ya kamera. Kobe yule hakuwa akiigiza. Kampuni ya Marekani iliyoitoa kwa diski ilimwekea mtazamaji njia ya kuiangalia bila vifo hivyo, na nadhani ilikuwa haki, mradi filamu nzima ibaki na ukweli wake uandikwe mlemle. Zaidi ya hapo sina la kuisemea, sitaitazama tena.

Kuna suala la bei, na ni la haki. Boksi moja la namna hii linaweza kuwa mshahara wa wiki nzima kwa mtu wa Tanga, na mara nyingi filamu moja huuzwa upya kila teknolojia inapobadilika, kava jipya, picha ileile. Anayelipa kwa ajili ya kava tu mimi sina ugomvi naye wala sina habari naye. Lakini mimi niliipata kwa kadi ya maktaba ya dada yangu, bure, siku 7. Ukarabati uliofanyika mara moja unazaa nakala nzuri zinazokwenda kwenye maktaba, vyuo, televisheni, na ndiyo, hata kwa vijana wa vibandani wanaorusha muvi kwenye flashi. Nakala mbovu nayo inazaa. Sisi tulilelewa na watoto wake.

Desemba iliyopita nilikuwa Tanga. Banda halipo, sasa ni duka la vifaa vya simu, lakini mjomba ametunza kanda zake kwenye kabati la chumba cha nyuma, juu ya mbao ili maji ya mvua yasizifikie. Nilizitoa moja moja. Ukungu mweupe umeingia kwenye nyingi, joto la pwani halina huruma na kanda. Kulikuwa na Nsyuka ya Mussa Banzi, ya 2003, ambayo nilipokuwa sekondari wasichana nusu ya bweni waliicheka kwa damu yake ya rangi na nusu wakakataa kulala bila taa. Filamu ya kutisha ya Kitanzania, kwa Kiswahili, kutoka mwanzoni kabisa mwa biashara yetu ya filamu za video. Nilizungusha gurudumu la kanda kwa kidole, likakwama. Nilimuuliza mjomba kama anamjua yeyote mwenye nakala nzuri zaidi. Akaniambia nakala nzuri ndiyo hiyo.

Niliifunga kwenye kitambaa, nikaiweka kwenye begi la mkononi. Nimempata fundi Dar anayesafisha kanda kwa mkono, inchi kwa inchi. Amenitaka nimpe miezi miwili na hajaniahidi kitu.

Usiku wa siku ile nilifungua kompyuta yangu sebuleni. Mjomba ana mtoto wa jicho kushoto, akasogeza kiti karibu. Wajukuu wake watano walikuwa kwenye mkeka. Nilikuwa nimeleta ile filamu ya kanda iliyoandikwa MAITI, ya ukarabati, na sikumwambia. Ilipofika makaburini akainuka, akatafuta kitu kwa mkono, akachukua mwiko wa jikoni, akasimama kando ya kompyuta akaanza kutafsiri. Mkubwa wa wajukuu anasoma shule ya Kiingereza na hakuhitaji, lakini alinyamaza.

"Misukule hawa," mjomba akasema, "hawana mwenyewe."

Ben akaingia ndani, akageukia taa. Mjomba aliacha kutafsiri. Aliinama, jicho lake la kulia likiwa karibu kugusa kioo, akakaa hivyo muda mrefu huku maneno yakipita bila mwenyewe.

"Mama, hebu simamisha," akaniambia. Nikasimamisha. "Simu yangu iko wapi?"

Nikampa. Alibonyeza namba kwa kichwa, ikaita, ikapokelewa. Hakusalimia hata.

"Hamisi," alisema. "Yule stelingi. Alikuwa mweusi."